Nguzo ya Kumi na Nne

Gerejini kwa Baba,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Hamjambo huko? Mgongo wako umepoa? Mara ya mwisho ulisema ukikaa sana kazini unainuka umejikunja kama ndoana, nami nikacheka, kumbe si jambo la kucheka. Jinyooshe, tembea, na hilo godoro lenu lililobonyea katikati litupeni. Na yule mdogo wa mwisho, kikohozi kimeisha? Mama anamuota karibu kila wiki.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti la Mama ni lilelile, siku linamsikiliza, siku linamnunia. Mimi ni mzima. Kile kidole changu kilichobanwa na mkanda wa feni kimepona na ukucha umeanza kurudi, ingawa umekuja umepinda. Baba anakula vizuri na analala vizuri. Hilo la kulala limerudi juzijuzi tu, na ndilo lililonikalisha chini nikuandikie.

Najua umeishangaa bahasha. Siku hizi nani anaandika barua, tena kurasa nyingi hivi? Lakini haya hayasemeki kwenye simu. Kwenye simu ungeniuliza swali, mimi ningejitetea, wewe ungepandisha sauti, na tungeishia kugombana kabla hatujafika kwenye lenyewe. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Soma mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Ulipopiga simu mwezi wa nne ulisema lori lako halipandi mlima, kwamba Baba amechoka, na kwamba tutafute fundi mwingine aifungue pampu imwage dizeli zaidi, au tufunge turbo kabisa, ile feni ya kuisukumia injini hewa, yaishe. Nakujibu leo, tena kwa aibu. Aliyelinyima lori lako nguvu si Baba, Kaka. Ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukadhani nimerukwa na akili. Yapata miaka miwili sasa Baba hasikii. Si kwamba hasikii kabisa. Radi anaisikia, na Mama akisimama mbele yake akasema polepole anaelewa. Lakini birika likichemka hajui. Lori likirudi nyuma na honi juu, mimi ndiye ninayemvuta koti. Nilipomwambia Mama, akanishika mkono akaniomba nisimwambie mtu, hata wewe. Alisema mtu akijulikana hasikii, watu huacha kumsemesha, na asiyesemeshwa huzeeka kwa mwezi mmoja. Nikanyamaza. Na Baba naye akanyamaza, kila mmoja akadhani anamficha mwenzake.

Sasa unaijua kazi ya Baba. Pampu ya dizeli ina alama ya kiwandani, na kitabu kinasema mstari ukae juu ya mstari. Mafundi wengi wanaishia hapo. Baba huanzia hapo, kisha analegeza boliti na kuisogeza pampu mbele kidogo, unene wa ukucha, ili dizeli iingie mapema kidogo kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu injini kuukuu meno yake ya ndani yamelika na kila kitu kinachelewa. Ukizidisha, injini inagonga na siku moja inatoboa pistoni. Ukipunguza, nguvu inapotea, bomba la moshi linaiva na maji ya rejeta yanachemka. Pale katikati ndipo Baba alipopatafuta kwa sikio maisha yake yote. Sisi tulisomeshwa na sikio lile, wewe na mimi.

Basi nikajiuliza, sikio likifa, atapapataje?

Lori la kwanza lilikuwa la Mzee wa Kokoto, yule rafiki yake Baba aliyekuwa akibeba kokoto tangu tuko shule, anayetuletea karanga mfukoni. Baba alilimaliza jioni na kwenda nyumbani. Mimi nikawahi asubuhi, nikaliwasha. Kaka, liligonga kama misumari ndani ya debe! Moyo ulinipasuka. Nikajisemea, imekwisha, Baba hasikii tena kugonga, ataua injini ya mtu na jina lake litaenda na maji. Nikachukua spana, nikairudisha pampu kwenye alama ya kitabu, ikatulia. Baba alipofika nilikuwa nimeshanawa mikono, namwagia maji sakafu.

Nilijiona mtoto mwema, haki ya Mungu. Nilijiona nimemsitiri baba yangu. Toka siku ile nikawa nafika gerejini mapema kuliko ndege. Malori tisa nimeyafanyia hivyo, Kaka, tisa kwa miaka miwili, na kila mara nikijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna binti kama mimi.

Wenye malori wakaanza kurudi. Halina nguvu, fundi. Linachemka, fundi. Baba anafungua, anakuta pampu iko kwenye alama ya kiwandani kama vile hakuigusa kabisa. Anasimama anaiangalia. Anaisogeza tena. Asubuhi na mimi nipo, na spana yangu. Watu wakaanza kusema pembeni kwamba mzee amekwisha, wengine wakahamia kwa yule fundi wa barabarani mwenye bango. Mimi nikawa nahurumia uzee wa Baba, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Na kuna jambo nitakufa nalo. Siku moja nilimkuta ameinama juu ya pampu, anajiuliza kwa sauti mbona haiko alipoiweka. Nikasogea sikioni mwake nikasema, "Labda ulisahau, Baba." Akasema, "Labda."

Sasa tuje kwenye lori lako. Dereva wako wa huku nyumbani, Chaki, unamjua wazimu wake; mtu asiyeamini kitu mpaka akiandike. Kwenye ule mlima wa kutokea ghala la saruji kuna nguzo za umeme. Yeye akiwa amejaza mzigo anaanza chini na gia ya tatu, anahesabu nguzo, na pale injini inaposhindwa akarudi gia ya pili, anaandika namba kwa chaki ndani ya mlango, na tarehe pembeni. Ndicho kipimo chake cha nguvu, na mimi nilikuwa nakicheka. Mwaka huu ulipoanza alikuwa anakomea nguzo ya tisa.

Ulipotaja turbo mara ya kwanza, mapema mwaka huu, Baba alitikisa kichwa. Unamjua. Kwanza rudisha kilichopotea, ndipo uombe cha ziada. Akalikalia lori lako wiki nzima. Akatupa filta ya hewa iliyokuwa imeziba kama mto wa pamba, akakuta mpira wa hewa umechanika kwa chini ambako macho hayafiki. Akasafisha tangi. Nozeli sita za kunyunyizia dizeli zikapimwa, mbili zilikuwa zinakojoa badala ya kunyunyiza. Akapanga valvu. Mwisho akaisogeza pampu. Chaki alikuwa na haraka ya mzigo, akaliondoa jioni ileile, kwa hiyo mimi na spana yangu tulikosa nafasi.

Kesho yake Chaki alikuja anapiga honi tangu kona ya ghala la mbao. Nguzo ya kumi na nne! Gia ya tatu, tani kumi mgongoni, moshi mwembamba hata huuoni. Akashuka akamkumbatia Baba na kusema ng'ombe hazeeki maini. Baba alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilicheka pia, lakini ndani nilikuwa na hofu kwamba injini yako inakwenda kutoboka.

Wiki tatu baadaye bomba moja la dizeli likaanza kuvuja. Chaki alilileta Jumamosi mchana, Baba akabadilisha bomba, akahakikisha pampu, lori likabaki kwetu mpaka Jumatatu. Jumatatu asubuhi, kabla Baba hajafika, nikaliwasha. Misumari ndani ya debe. Nikafanya ninachokijua.

Wiki ileile ukapiga simu. Nguzo ya nane, ulisema Chaki amekuambia, mbaya kuliko mwanzo. Ukataka kuongea na Baba. Akashika simu akasema ndiyo, ndiyo, sawa, akamrudishia Mama, na wewe ukamwambia Mama kwamba Baba amekununia, na kwamba amwambie apumzike sasa, kazi imemshinda. Hukuwa na nia mbaya, najua. Lakini Mama ilibidi alirudie neno hilo mbele yake kwa sauti kubwa, neno kwa neno, ndipo alisikie. Apumzike. Kazi imemshinda. Alilisikia vizuri.

Kesho yake alikuja gerejini bila ovaroli. Akanipa ufunguo wa sanduku lake la vifaa, ule wenye kamba nyekundu ambao tulipokuwa wadogo tukiugusa tunachapwa. Alisema mikono yake bado ni mizima, ila kichwa kimeanza kumdanganya, na fundi ambaye kichwa kinamdanganya ni hatari kwa watu. Akaondoka kwa miguu. Siku zilizofuata alikuwa anakaa kibarazani ananyoosha misumari ya zamani kwa nyundo ndogo, anaipanga kwa ukubwa kwenye makopo. Usiku halali, Mama akaniambia. Anaamka kuhakikisha mlango kama ameufunga. Anarudi kitandani. Anaamka tena.

Chaki akaleta lori nilitazame mimi, fundi mpya! Alifungua mlango akanionyesha namba zake. Tisa. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na tatu, siku ya mvua. Kumi na nne. Halafu nane, nane, saba, nane. Nikaangalia tarehe. Ile nane ya kwanza ilikuwa Jumatatu ile.

Nikaufunga ule mlango. Nikaenda kufungua sanduku la Baba, kutafuta spana nyembamba. Chini ya trei nikakuta kipande cha boksi la sabuni, kimekunjwa mara mbili, kimeandikwa kwa penseli kwa ule mwandiko wake uliolala. Sikujua kama alikuwa anaandika. Lori la Kokoto: nimesogeza. Chini yake: nimekuta nyuma. Nimesahau? Lori la maziwa: nimesogeza, nimekaza. Nimekuta nyuma. Yakafuata mengine, moja baada ya jingine, na kila moja lina alama ya vema na chini yake lile neno. La mwisho lilikuwa lako. Nimesogeza. Nimekaza. Nimerudi kutazama mara mbili. Na chini kabisa, hata hakuweka alama ya kuuliza: nimesahau.

Kaka, nililia nikiwa nimekaa juu ya tairi, mtu mzima mimi, na Chaki akajifanya anafuta kioo.

Nilipomaliza kulia nikaisogeza pampu mbele, unene wa ukucha, nikawasha. Ikagonga, misumari ileile. Safari hii sikuzima. Nikaiacha ingurume mpaka ikapata moto sawasawa, kisha Chaki akazunguka nalo mitaani na mzigo wake. Aliporudi mlio umekwisha, injini imetulia kama cherehani. Ndipo nikakumbuka neno ambalo Baba alinifundisha mwaka wangu wa kwanza, kwamba dizeli kuukuu ina kikohozi cha asubuhi, usiitibu kabla haijapata moto. Yeye alikuwa anapima jioni, injini imeshaiva. Mimi nilikuwa napima alfajiri, injini baridi, ambapo kila dizeli duniani inagonga. Miaka miwili natibu kikohozi cha asubuhi, mjuaji mimi.

Nikaenda nyumbani. Nikakaa miguuni pa Baba pale kibarazani nikamwambia yote, polepole, kwa sauti ya unyenyekevu. Akawa anaitikia kwa kichwa, eeh, eeh. Nilipomaliza akaniuliza kama nimekula. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Nikamwendea Mama jikoni nikamwomba amwambie yeye, maana yeye anajua kumsemesha. Mama hakuacha hata kuchambua mchele. Alisema, "Mkono wako ndio ulioharibu, mdomo wako ndio useme. Na ukiharibu mbele ya watu, usitengeneze jikoni." Unamjua Mama akishasema.

Basi nikamwandikia Baba kwenye karatasi kwamba namwomba aje aone lori lako mara moja tu. Alikuja Alhamisi, amevaa shati safi na viatu vya kanisani, kama mgeni. Akasimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomshika mkono. Chaki alikuwepo, na mchomeleaji wa jirani na mashine yake ya kusaga chuma, na watu wawili waliokuja kuulizia bei. Nilitaka kusubiri waondoke. Nikakumbuka maneno ya Mama.

Nikasema. Baba akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikapaza sauti. Akatikisa kichwa, hasikii, mashine ya jirani inapiga kelele. Mchomeleaji akaizima. Hapo nikapiga kelele, Kaka, kelele za mtu anayeibiwa. Baba, ni mimi! Pampu nilikuwa nairudisha nyuma mimi! Kila asubuhi kabla hujaja! Malori yote tisa, ni mimi! Nadhani mpaka kwenye ghala la mbao walisikia, maana misumeno nayo ilinyamaza.

Nikampa kile kipande cha boksi. Akakiangalia. Akaniangalia midomo. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Alichoniuliza ni kimoja tu, kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya mtu asiyejua anaongea kwa sauti gani.

"Kwa hiyo mimi sijaanza kusahau?"

Nikamwambia hujasahau hata moja, Baba. Hata moja. Akakaa juu ya tairi lilelile nililokuwa nimelikalia nikilia. Mimi sikujua nimshike au nimwache; Chaki akaenda kumletea maji.

Alipomaliza kunywa akavua lile shati safi akalitundika kwenye kioo cha lori, akabaki na fulana, akaomba bisibisi yake kubwa yenye mpini wa mbao. Unaikumbuka, ile yenye alama za meno. Maisha yetu yote tumedhani anaing'ata mdomoni kwa sababu mikono imejaa. Akaisimamisha ncha kwenye mwili wa injini, akaung'ata mpini, akafumba macho, akatuashiria tuwashe. Injini ilikuwa na moto wake. Akawa anasikiliza kwa meno, Kaka! Mlio unapanda kwenye chuma, unaingia kwenye mpini, unamfika kichwani bila kupitia masikioni. Akaisogeza pampu, akang'ata tena, akarudisha kidogo sana, akakaza. Akatoa bisibisi akacheka na mate ndevuni. "Masikio yamekufa," akasema, "meno yapo."

Akanipa na mimi ning'ate. Nikasikia kila silinda peke yake, moja hadi sita, kama watu sita wanaohesabiwa majina. Kwa masikio yangu mazima sijawahi kuisikia injini vile.

Chaki alijaza mzigo mchana uleule, Baba akapanda naye mbele. Nguzo ya kumi na nne. Namba iko mlangoni, utaiona ukija.

Nisikudanganye kwamba yote yameisha vizuri. Baba alinipa adhabu ninayostahili: nizunguke kwa wenye malori yote tisa, kwa miguu yangu na mdomo wangu, niseme nilichofanya na nirudishe pampu zao mahali pake. Saba yamekaa sawa, likiwemo lako. La nane liko safarini mbali, tunalisubiri. La tisa ni la Mzee wa Kokoto. Alishachoka kuambiwa injini imekufa. Mwezi wa pili aliliuza kama chuma chakavu, wakalikata vipande palepale uwanjani kwake. Nilipomweleza hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinipeleka akanionyesha doa la oili pale lilipokuwa likilala, akasema lilikuwa halijambo lile, kumbe. Mfukoni alikuwa na karanga, akanipa. Maji yakimwagika hayazoleki. Baba humtembelea kila Jumamosi sasa, na mimi nimeambiwa nibaki nyumbani mpaka niitwe.

Kuhusu nguvu zaidi, ujumbe wa Baba ni huu, nauandika alivyousema. Kuifungua pampu imwage dizeli ni kumlisha mtu asiyepumua. Utaona moshi mweusi mwingi, watu watasema lori lina nguvu, na pistoni zitakuwa zinayeyuka kimyakimya. Turbo kwenye injini isiyotengenezwa kwa ajili yake ni kumbebesha mzee gunia la kijana. Injini yako ilikuwa na nguvu zake, zilikuwa zimepotea tu, na nyingine zimeibwa. Zimerudi. Badilisha filta ya hewa kwa wakati, mwache Chaki ahesabu nguzo zake, na usiwe na pupa.

Nami nina ombi langu, Kaka. Baba hakukununia. Miaka miwili unampigia simu, anasema ndiyo, ndiyo, anamrudishia Mama, na wewe unakata ukiwa na uchungu. Hakuwa anakusikia. Alikuwa anashika simu ili tu ajue uko upande wa pili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumefichana mpaka tukakaribia kuuana. Basi andika. Andika hata ukurasa mmoja.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichomtumia Mama kimeshonwa na kimemkaa. Wabusu watoto, na mkubwa mwambie shangazi yake anataka kuona ripoti yake ya shule, asijifiche. Mama anakusalimu na kukuombea. Chaki anakusalimu na kusema breki za nyuma usizisahau. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na riziki, na akurudishe mlangoni petu tukiwa bado tupo wote.

Baba ameniomba aisome barua hii kabla sijaifunga bahasha. Nimemwachia nafasi hapo chini.

Nisamehe, Kaka. Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mwenye ukucha uliopinda.

* * *

Mwanangu,

Nimesoma yote. Ni kweli, ila kuhusu nguzo wamekosea, ni ya kumi na tano. Pale kwenye kalavati palikuwa na nguzo moja, ilianguka mwaka ule ulipoondoka. Chaki haihesabu kwa sababu haijui.

Mimi naikumbuka.

Baba yako.